Kabla Hujaibeba Amplifaya ya Mtumba Kutoka Ngamiani

Kontena likifunguliwa Ngamiani, hapa Tanga, ubishi huanza kabla vijana waliopakua hawajafuta jasho. Mmoja amekumbatia amplifaya ya miaka ya 1970, uso wa aluminiamu, ubavu wa mbao, nzito mpaka anaisikia kiunoni. Mwenzake ameshika nyeusi nyembamba yenye rimoti na Bluetooth, anamuuliza kama anakwenda kufungua makumbusho. Mwenye duka anachezea simu yake. Yeyote atakayeshinda, yeye anauza.

Juzi kijana mmoja wa Makorora, mtoto wa jirani yetu wa zamani, alinitumia picha mbili. Amplifaya mbili, bei moja. "Shikamoo mjomba. Fundi mmoja kaniambia za zamani ndiyo mashine, mwingine kasema nikinunua ya zamani nimenunua ugonjwa wa mtu. Nichukue ipi?" Nikamwambia arudi dukani azipige picha za mgongoni. Zile za uso hazikunisaidia kitu. Kwa nini mgongo, tutafika.

Kwanza tuelewane maneno. Simu yako, deki au televisheni hutoa umeme dhaifu mno, hauwezi kuitikisa hata karatasi ya spika. Wengi hudhani amplifaya huuchukua umeme huo na kuuvuta urefuke, kama mpira wa manati. Sivyo inavyofanya kazi. Fikiria tangi la maji juu ya paa. Unafungua koki kwa vidole viwili, maji yanatoka kwa kishindo, na kishindo hicho hakikutoka kwenye vidole, kilikuwa juu ya paa kikisubiri. Umeme dhaifu wa simu ni vidole. Transista ni koki. Tangi ni transifoma pamoja na zile kapasita mbili kubwa zilizosimama ndani kama makopo ya maziwa. Wimbo unapofika penye ngoma nzito koki hufunguka ghafla, na tangi linatakiwa kutoa hapo hapo. Tangi likiwa dogo, ngoma inatoka imepooza.

Hai-fai ni amplifaya iliyotengenezwa ili sauti itoke karibu sana na ilivyorekodiwa, upande wa kushoto na wa kulia. Sabufa za dukani na mashine za harusini nimeziweka kando. Amplifaya ikiwa na redio ndani yake huitwa risiva. Ikiwa na matundu ya spika tano au saba pamoja na ya HDMI, hiyo ni risiva ya sinema, na ina mambo yake. "Ya zamani" humu ndani ni ile ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1990 ilipokuwa inaanza. "Ya kisasa" ni ile inayoendeshwa na prosesa, yaani kompyuta ndogo inayoamua hata voliumu ipande kiasi gani. Hizo zilijaa kuanzia miaka ya 2000.

Na kama unashangaa kwa nini mashine za 1976 zinafika Tanga leo, kumbuka wakati zilipokuwa mpya hapa kwetu aliyekuwa na redio ya National sebuleni alihesabiwa kuwa na chombo. Fedha za kigeni zilikuwa za shida, na ni mwaka 1984 ndipo watu waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Hai-fai kubwa zilitupita. Sasa wazee wa Ulaya na Japani wanahamia nyumba ndogo, au wanafariki, na watoto wao wanasafisha stoo.

Soma mgongo

Hapa nilishachomwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Miaka kumi na kitu iliyopita nilinunua risiva ya Kijapani, nzuri hata leo nikiikumbuka naumia. Muuzaji alikuwa ameshaikata plagi yake ya pini mbili bapa na kuifunga ya pini tatu kama za kwetu. Nikaona plagi ya nyumbani, nikachomeka. Taa ikawaka kwa uzuri usio wa kawaida, nikasikia mvumo, kisha harufu. Sebule ilinuka siku mbili, na mke wangu hajaacha kunitania kwamba nilinunua ubani wa bei ghali kuliko wote Tanga nzima.

Soketi zetu zina volti 230. Za Japani zina volti 100, za Marekani 120. Ukirudi kwenye tangi, volti ni kimo cha maji: umeichukua mashine iliyojengwa kwa tangi la ghorofa moja ukaiunga na la ghorofa mbili na zaidi. Plagi haikwambii lolote, maana plagi hubadilishwa kwa dakika tano. Kinachosema ukweli ni kibandiko cha mgongoni, au maandishi yaliyochorwa kwenye bati karibu na waya wa umeme unapoingia. Ukisoma 220, 230 au 240, hiyo ilitengenezwa kwa Ulaya au nchi nyingine zenye umeme kama wetu, na inaweza kuingia nyumbani kwako ilivyo. Ukisoma 100 au 120, bado hujamaliza kutumia pesa.

Atatokea mtu wa kukuambia, "Hiyo weka kipunguzio tu." Ni kweli, ila vipunguzio vingi vinavyouzwa vinagawa umeme kwa nusu. Nusu ya 230 ni 115. Kwa mashine ya Marekani ya 120 hapo hakuna tatizo. Kwa ya Japani ya 100, umeilisha asilimia 15 zaidi kila saa ya maisha yake, na usiku wa manane umeme unapopanda, zaidi ya hapo. Haitalipuka siku hiyo. Itakuwa inapata joto, kapasita zake zinachoka, na baada ya mwaka utasema mitumba haina maana. Kama umeipenda ya volti 100, tafuta kipunguzio kinachotoa 100 kamili na chenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, na uingize gharama yake kwenye bei tangu dukani.

Kuna amplifaya za zamani zilizowekewa swichi ya kuchagua volti mgongoni, 110, 120, 220, 240. Hizo zilitengenezwa kuuzwa nchi nyingi, na ni bahati ukizipata. Hakikisha tu swichi imeelekezwa pazuri kabla ya kuchomeka, maana mikono ya kontena ni mingi. Zile zilizouzwa ndani ya Japani kwenyewe kwa kawaida hazina swichi hiyo.

Hapa za kisasa zinapata pointi yao ya kwanza, na ni ya haki. Baadhi yao, hasa ndogo, hupokea umeme wowote kuanzia volti 100 hadi 240 kama chaja ya simu. Kibandiko kikiandikwa "100–240V", mjadala wa kipunguzio umekwisha.

Wati zilizoandikwa kwa hamu

Swali la pili ambalo kila mtu huuliza ni wati ngapi. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliweka kanuni kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani aseme zile inazoweza kuzitoa mfululizo, spika za aina gani, na kwa mkwaruzo kiasi gani, yaani sauti iharibike kiasi gani. Ndiyo maana risiva za miaka iliyofuata zina namba za kuaminika. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 iliandikwa wati 160 kila upande, na ilikuwa inazitoa kweli, kwa uzito unaohitaji watu wawili kuibeba. Baadaye ikaja lugha ya PMPO, namba inayopatikana kwa kuhesabu mpigo wa kufumba na kufumbua katika hali ambayo haitatokea sebuleni. Boksi la sabufa linasema wati 5000, ukigeuza mgongo unakuta inatumia wati 60. Mashine haiwezi kutoa kisichoingia. Za sinema nazo zina ujanja wao wa adabu kidogo: "wati 100 mara saba" mara nyingi hupimwa spika moja au mbili zikilia peke yake. Zilie zote saba uone.

Halafu wati zenyewe hazifanyi kazi kama watu wanavyodhani. Ukitoka wati 20 kwenda 40 umeongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaiona kidogo tu. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa upande mwingine, spika yenye usikivu, yaani sauti inayotoa kwa wati moja, wa desibeli 90 ukilinganisha na yenye 87 imekupa faida sawa na kununua amplifaya ya wati maradufu, na hukulipa umeme. Kwa sebule ya kawaida ya Chumbageni, wati 30 za kweli zinatosha kumwamsha jirani.

Kuna udanganyifu mwingine unaowapata hata mafundi. Unaunga simu au deki ya CD kwenye amplifaya ya 1975, unagusa voliumu, haijafika hata robo, nyumba inatikisika. "Unaona? Za zamani zina nguvu!" Ilivyo ni kwamba CD ilikuja mwaka 1982 na kifaa chake hutoa umeme wa hadi volti 2. Amplifaya za kabla ya hapo zilikuwa zikisubiri umeme mdogo mara kumi na zaidi ya huo kutoka kwenye deki za kaseti na redio. Vidole vimekuwa vizito, koki imefunguka mapema. Maji kwenye tangi ni yale yale. Ukiendelea kuzungusha huongezi sauti, unaongeza mkwaruzo, na mkwaruzo ndio unaoua spika ndogo za juu.

Na hiyo besi tamu ya zamani? Tazama kitufe kilichoandikwa "Loudness". Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu hupoteza besi kwanza sauti inaposhuka. Watengenezaji wakaweka kitufe cha kuirudisha, na kwenye mashine ya mtumba mara nyingi kimebonyezwa tangu kwa mwenyewe wa kwanza. Kwenye ya kisasa mara nyingi hukikuti, au kuna kingine kinachozima mapambo yote ya besi na trebo. Ukizilinganisha dukani hivyo hivyo umelinganisha chai ya sukari na ya kavu. Mimi hukizima kwanza, kisha napiga taarabu ya Tanga ya enzi za Black Star, ambayo ina gita la besi linalotembea taratibu chini ya sauti ya mwimbaji. Nikiweza kuzihesabu noti za gita hilo moja moja, mashine ni nzima. Zikigandana kama uji, naaga.

Kinachozeeka, na nani atakitibu

Sasa lile la "ugonjwa wa mtu". Amplifaya haizeeki yote. Transifoma inaweza kukuzika wewe. Bati, vipozeo vya aluminiamu na rezista nyingi hazina neno. Zinazozeeka ni kapasita, kwa sababu ndani zina maji ya kemikali yanayokauka. Voliumu na swichi, kwa sababu zinasuguana. Na rilei, kile kidude kinachobofya sekunde chache baada ya kuwasha ili kuziunganisha spika. Kwa kapasita kuna kanuni ya mafundi: kila nyuzi joto 10 zikiongezeka, umri wake hukatika karibu nusu. Hesabu hiyo uifanye ukiwa Tanga wakati wa kaskazi, mashine imebanwa kwenye kabati la televisheni lisilo na upepo. Ongeza na chumvi ya bahari. Nyumba za Raskazone zinaifahamu chumvi hiyo kwenye nondo za madirisha, na kwenye amplifaya inafanya kazi ile ile kwa siri: voliumu inakwaruza, upande mmoja unapotea hadi upige kofi juu ya boksi.

Habari njema kuhusu ya zamani ni kwamba magonjwa yote haya fundi anayaona kwa macho. Ukifungua kifuniko unakuta kila kifaa kina miguu yake, kimesimama na nafasi, kimeandikwa namba. Kapasita zinabadilishwa kwa risasi na pasi ya kawaida, voliumu inapulizwa dawa ya kusafishia, na ramani ya sakiti ya mashine nyingi maarufu inapatikana. Gharama ndogo, kazi ya siku moja au mbili. Ombi langu tu kwa mafundi wetu: transista za kutoa nguvu msizinunue kwa kuangalia maandishi, maana za bandia zimejaa, zinaandikwa jina lolote na zinakufa kwa wimbo wa kwanza.

Ya kisasa inakufa kwa namna nyingine. Ndani kuna bodi moja yenye vifaa vidogo kama punje za sukari, na prosesa ambayo programu yake huipati popote. Prosesa ikigoma, mashine nzima imegoma, hata kama koki na tangi ni wazima. Risiva za sinema ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa sababu mara nyingi bodi ya HDMI ndiyo inayotangulia, na bila hiyo umebaki na boksi. Fundi hatakulaghai hapo. Atakwambia tafuta bodi nyingine, nawe utaitafuta mpaka uchoke.

Kati ya pande hizi mbili kuna lile kundi la miaka ya 1980 na 1990 lenye STK, kifaa kimoja bapa kilichobeba kazi ya transista zote. Ni amplifaya nzuri na za bei ya chini. Tatizo ni kwamba STK ikiungua, za asili hazitengenezwi tena na za bandia ndizo zinazokungoja. Ukimwona fundi anafungua kifuniko kabla hujalipa, mwombe akuoneshe kama ni STK au ni transista nne zenye kusimama peke yake. Mimi nikipata nafasi ya kuchagua, za peke yake.

Ili usidhani naziponda za kisasa bure, chukua mfano wa jina moja katika vizazi viwili. NAD ilitoa 3020 mwaka 1978, wati 20 tu kwa upande, ikawa miongoni mwa amplifaya zilizouzwa sana duniani kwa sababu ilizisukuma spika ngumu zilizozishinda mashine zenye namba kubwa zaidi. Ina tundu la santuri, haina rimoti. Mwaka 2013 kampuni hiyo hiyo ikatoa D 3020: wati 30, ndogo, Bluetooth ndani, tundu la waya wa mwanga la kuungia televisheni, lakini tundu la santuri halimo. Koki zake ni za darasa D, maana yake hazifunguki nusu; zinafunguka zote na kujifunga zote mara maelfu kwa maelfu kila sekunde, na muda zinaokaa wazi kila mara ndio unaochonga sauti. Kwa sababu haikai nusu wazi, haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Amplifaya za darasa A ndizo kinyume chake, kama jiko la mkaa linalowaka kutwa likisubiri mgeni wa chai. Nyingi za zamani ni za AB: makaa yamefunikwa majivu, mgeni akija unapepea.

Ndiyo maana ule msemo wa kupima kwa uzito, "nzito ndiyo nzima", unafaa kwa za zamani peke yake. Kwenye za AB, uzito ni transifoma na vipozeo, na hivyo ni vya thamani. Ya darasa D inaweza kuwa nyepesi kama mkate na ikafanya kazi yake vizuri.

Mwenye televisheni kubwa, watoto wanaobadilisha nyimbo kwa simu, na sebule yenye joto, simsukumi kwenye mashine ya 1975. Anayependa kuketi akasikiliza, ana fundi anayemwamini na spika nzuri alizorithi, ya zamani yenye 240 mgongoni itamkaa. Bluetooth asiilipie bei kubwa kwa vyovyote. Kipokezi kidogo cha nje kinachoungwa kwenye tundu la AUX kinaifanya hata amplifaya ya 1978 isikilize simu. Ila kisiungwe kwenye tundu la PHONO. Tundu hilo ni la santuri, lina kikuza umeme cha ziada kinachokuza karibu mara mia, na utapata kelele kama bati linaburuzwa.

Ukiwa dukani, nenda na simu yenye wimbo unaoujua na waya wako. Washa, usikilize kile kibofyo cha rilei. Kisipokuja kwenye mashine yenye rilei, mashine yenyewe inakukataza. Muuzaji akikwambia tumeiruka rilei inaimba vizuri tu, ondoka, kwa maana wameondoa mlinzi wa spika zako. Zungusha kila kitu kinachozunguka. Mkwaruzo unaopungua kadiri unavyozungusha ni uchafu. Usiopungua jadili nao bei. Fundi mwenye maltimita apime kwenye matundu ya spika bila wimbo wala spika: chini ya milivolti 50 hakuna neno, ikifika volti nzima kuna ugonjwa ndani, nao unaweza kuichoma spika. Iache iwake nusu saa wakati mnapiga soga. Halafu inusie. Watu hucheka, lakini pua imeniokoa mara nyingi kuliko macho. Chungulia pia kwenye matundu ya kifuniko: mjusi hupenda joto la transifoma, na akifa juu ya bodi huacha ramani ya kutu ya umbo lake.

Kijana wa Makorora alirudisha picha zake jioni. Ile nyeusi nyembamba aliyokuwa ameshaitolea macho, yenye plagi mpya ya pini tatu, kibandiko chake kilisema "AC 100V". Ile ya ubavu wa mbao ilikuwa na swichi ya volti, sindano yake imeelekea 240, na upande wa kushoto wa voliumu ulikuwa unakwaruza. Muuzaji alipunguza kidogo kwa huo mkwaruzo, nayo tofauti yote ikaishia kwenye kopo la dawa ya kusafishia na kapasita mbili.